Fundi wa Ushahidi

Ukitaka kumjua mwanahistoria, mwanzie chini ya ukurasa, kwenye tanbihi. Juu kule kila mwandishi anaweza kujipamba kwa lugha. Chini anabanwa aseme alichosema amekitoa wapi: faili lipi, la mwaka gani, kaambiwa na nani. Vitabu vya Terence Ranger vinanoga vikisomwa hivyo. Ripoti ya ofisa wa serikali imewekwa karibu na barua ya mwalimu wa misheni, na barua hiyo imewekwa karibu na masimulizi ya mtu wa kijijini, na wote wanabanwa kwa swali lile lile: wewe ulijuaje?

Ranger alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa London tarehe 29 Novemba 1929 na kufariki Oxford tarehe 3 Januari 2015. Kazi yake kubwa ilihusu Zimbabwe, na huko ni mbali na Nkoma. Lakini ufundi wake ulipita Dar es Salaam, ukakaa miaka sita, na katika miaka hiyo ukasaidia kujenga namna ambayo historia ya Tanzania ilianza kuandikwa na Watanzania wenyewe. Nkoma ya leo imo Wilaya ya Itilima, Usukuma. Kabla ya hapo ilihesabiwa Bariadi, na zama za ukoloni eneo lote hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa. Ni mahali ambapo historia yake bado imo zaidi vinywani mwa banamhala, yaani wazee, kuliko vitabuni. Watu wa mahali kama hapo wana sababu ya kuutazama kwa makini ufundi wa mtu aliyeishi kwa kuhamisha maneno ya vinywani kuyapeleka vitabuni bila kuyaharibu njiani.

Hakuanza na Afrika. Utafiti wake wa uzamivu pale Oxford ulimhusu Richard Boyle, Earl wa kwanza wa Cork, mlowezi wa Kiingereza aliyefika Ireland hana kitu na akafa mwaka 1643 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kisiwa hicho, kwa ardhi iliyokuwa ya wengine. Ni somo la hati: hati za kumiliki ardhi, mikataba, barua, mashtaka. Huko ndiko alikojifunza kuisoma karatasi kama mtu anayejua kwamba aliyeiandika alikuwa na haja yake. Mwaka 1957 akaenda Salisbury, mji ambao leo ni Harare, kufundisha katika chuo kikuu kipya kilichopokea wanafunzi weusi na weupe ndani ya nchi iliyowatenga kila mahali pengine. Mtu aliyetoka kumsoma Boyle asingehitaji kuelezwa sana alichokiona Rhodesia ya Kusini.

Hapo siasa ikamwingia, au yeye akaingia siasani. Akishirikiana na mwenzake John Reed walihariri jarida dogo la kupinga ukandamizaji, Dissent. Alishika nafasi ya mbele katika harakati za kupinga ubaguzi hotelini na kwenye mabwawa ya kuogelea, na safari moja alisukumwa bwawani na nguo zake mwilini. Alijiunga na chama cha wazalendo wa Kiafrika, NDP, na kilipopigwa marufuku mwishoni mwa 1961 akaingia ZAPU, akiwa mmoja wa Wazungu wachache sana waliothubutu kufanya hivyo. ZAPU nayo ilipopigwa marufuku Septemba 1962, serikali ilimwekea amri ya kutotoka eneo dogo la nyumbani kwake. Mwanzoni mwa 1963 ikamfukuza nchini.

Wasomaji wengi husimama hapo, kwa sababu hapo pana kisa. Mimi napenda kutazama jambo lililokuwa likiendelea chini kwa chini katika miaka hiyo hiyo. Kati ya mkutano na mkutano, Ranger alikuwa akienda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Salisbury kusoma mafaili ya vita vya 1896 na 1897, pale Washona na Wandebele walipoinuka dhidi ya kampuni ya Cecil Rhodes. Mafaili hayo yaliandikwa na upande ulioshinda: maofisa wa kampuni, polisi, wamisionari, makarani wa mahakama iliyowahukumu wajumbe wa mizimu Nehanda na Kaguvi kunyongwa mwaka 1898. Msomaji mvivu angetoka na historia ya washindi. Ranger alifanya kazi ngumu zaidi. Ripoti ya polisi inapomtaja mganga kwa dharau na kulalamika kwamba watu wanamfuata, tayari imeshuhudia kwamba mganga huyo alikuwa na wafuasi, walitoka wapi, na mwandishi wa ripoti alikuwa akiogopa nini. Ofisa hakukusudia kuyasema hayo, lakini ameyasema.

Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato. Unasoma faili zima, kwa kuwa sentensi unayoihitaji haina alama, nayo inaweza kuwa imejificha katika barua ya kuomba nyumbu au katika hesabu ya posho. Unanakili kwa mkono, ukiandika namba ya faili, tarehe, na jina la mwandishi. Kisha unalinganisha: ofisa wa wilaya hii anasema kijiji kiliinuka siku fulani, na ofisa wa wilaya ya pili anasema habari zilimfikia siku mbili kabla. Mmoja amekosea, au wote wawili wamesema kweli na kuna mjumbe aliyetembea usiku. Huwezi kujua mpaka umpate shahidi wa tatu.

Unadhifu wa kunakili ukawa ndio uhai wa kazi yake. Alipofukuzwa, hifadhi ile ilifungwa kwake hadi uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980. Vitabu viwili vilivyomjengea jina, Revolt in Southern Rhodesia cha 1967 na The African Voice in Southern Rhodesia cha 1970, ilibidi vitegemee sana alichokwisha kuchota. Kama angekuwa mtu wa kuandika kwa haraka, wa kusema nitarudi kuhakikisha, visingeandikika. Yeyote aliyewahi kuhoji mzee kisha akaona kwenye daftari lake jina bila mwaka, au mwaka bila jina, ataelewa uzito wa jambo hili.

Dar es Salaam ilimpokea mwaka huo huo wa 1963. Chuo Kikuu kilikuwa kichanga, kimeanzia mwaka 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na kilikuwa kikijiandaa kuhamia Mlimani. Ranger akawa profesa wake wa kwanza wa historia. Shuleni watoto wa Tanganyika walikuwa wakifundishwa wafalme wa Uingereza na safari za wapelelezi. Waafrika walionekana pembezoni, wamebeba mizigo. Kazi ya idara mpya ilikuwa kutengeneza historia nyingine, na kuitengeneza kwa kiwango ambacho asiyeipenda asingeweza kuipuuza. Oktoba 1965 chuo kiliandaa mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika, na mada zake zikatoka kitabuni mwaka 1968 chini ya uhariri wake. Isaria Kimambo akachapisha historia ya siasa ya Wapare, akishika masimulizi ya koo na kuyapanga kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu wakahariri A History of Tanzania. Wageni nao walikuwa hodari: John Iliffe, John Lonsdale, John McCracken, Edward Alpers, Andrew Roberts, na Walter Rodney wa Guyana, ambaye baadaye angeivuta idara kuelekea mkondo mwingine.

Mradi wa kukusanya habari za vita vya Maji Maji ndio unaonivutia zaidi katika yale ya Mlimani. Uliongozwa na Iliffe, huku Gilbert Gwassa akiwa ndiye aliyezama zaidi katika habari za vita vile, na ulilelewa ndani ya idara aliyoijenga Ranger. Wanafunzi walitumwa kwenda kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya 1905 hadi 1907 au waliosimuliwa na wazazi wao. Fikiria maana yake. Kijana aliyepanda basi kwenda chuoni kuchukua elimu ya kizungu anarudishwa kijijini na profesa wake, anaambiwa akae mkekani mbele ya babu, na aandike jibu neno kwa neno. Babu aliyekuwa akisikilizwa na wajukuu tu sasa anatajwa katika tanbihi sawasawa na gavana wa Kijerumani. Wazee wale wamekwisha kuondoka. Kama mradi ungesubiri miaka kumi zaidi, sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vita vile upande wa wapiganaji ingezikwa nao.

Ranger aliondoka Dar es Salaam mwaka 1969, akafundisha Los Angeles, kisha Manchester, kisha Oxford. Lakini kutokana na miaka ya huku alitoa kitabu kimoja ambacho kwa mtu wa Usukuma ni cha kusoma taratibu. Kilitoka mwaka 1975 na kinahusu ngoma ya beni. Beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana walivaa sare, wakajipa vyeo vya wafalme na majenerali, wakapanga gwaride kwa ngoma na tarumbeta, na kushindana vyama kwa vyama, Marini na Arinoti. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawazoa askari na wapagazi, nao wakaibeba beni hadi bara, Tabora na kwingineko, hadi Malawi. Maofisa wa kikoloni walichanganyikiwa. Wengine waliona kichekesho cha watu wanaoiga wakubwa wao. Wengine waliona njama ya kupindua serikali, wakafungua mafaili ya upelelezi.

Ranger aliyachukua mafaili hayo ya hofu na kuyasoma pamoja na masimulizi ya watu walioicheza. Aliona jambo ambalo ofisa hakuliona: kwamba chini ya sare na vyeo kulikuwa na desturi ya zamani zaidi ya mashindano ya mitaa, ya kugawana heshima, ya kusaidiana katika misiba na sherehe, na kwamba watu hawakuwa wakiiga tu bali walikuwa wakiipima dunia mpya kwa vipimo vyao. Kuipa ngoma kitabu kizima cha historia, mwaka 1975, kulihitaji moyo. Wanahistoria wa siasa walitaka vyama na mikutano. Yeye alisema, kwa vitendo, kwamba watu wanaofanya mazoezi miezi mizima ili kuishinda timu ya upande wa pili wana historia, na historia hiyo ina viongozi, fedha, ugomvi na mabadiliko kama ya bunge lolote.

Nkoma inalijua hilo bila kufundishwa. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na ardhi imekauka, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vinapambana kama walivyopambana mababu zao, wakijinasibu na waasisi wao Gumha na Ngika, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Kuna dawa, kuna nyimbo za kusifu na za kuchapa, kuna manju anayejua kumtaja mtu bila kumtaja. Ndani ya nyimbo hizo mna bei za pamba, mna njaa, mna uchaguzi, mna mtemi aliyeonea watu. Mtalii huona nyoka shingoni mwa mchezaji akapiga picha. Fundi wa aina ya Ranger angeuliza: wimbo huu ulitungwa mwaka wa mvua ipi, nani aliutunga, nani alichukia, na upande wa pili walijibu vipi?

Na angeuliza hivyo hivyo mbele ya vitabu. Habari za mila za Kisukuma zilizoandikwa enzi za Mwingereza nyingi zimepitia mikononi mwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Alichapisha kitabu juu ya utemi mwaka 1951 na kingine juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni hazina, na Cory alikuwa mchapakazi. Ila alikuwa akifanya kazi kwa serikali iliyotawala kupitia watemi, ambayo katika miaka hiyo ilikuwa imewakusanya watemi wa Usukuma katika shirikisho moja lenye makao yake Malya. Serikali hiyo ilihitaji kujua sheria ya Wasukuma ni ipi, moja, iliyonyooka, ya kusomwa barazani. Katika The Invention of Tradition, kitabu alichohariri pamoja na Eric Hobsbawm mwaka 1983, Ranger alionyesha jinsi hitaji la namna hiyo lilivyogandisha desturi zilizokuwa zikijadiliwa na kubadilika, na jinsi wenye sauti barazani, wazee na watawala wanaume, walivyopata nafasi ya kuandikisha yaliyowafaa. Kwa hiyo unapomsoma Cory kuhusu mahari au urithi wa ng'ombe, swali la kwanza ni nani alihojiwa. Mjane wa Itilima angesema yale yale?

Miaka kumi baadaye, mwaka 1993, Ranger alirudia mada hiyo akairekebisha. Aliona kwamba mwanzoni aliwapa wakoloni uwezo mno wa kutunga, na Waafrika uwezo mdogo mno; kwamba wenyeji nao walishiriki katika kuzitunga na kuzigombania mila hizo. Kitabu kilikuwa kimeshasambaa dunia nzima na kumpa sifa. Angeweza kukaa kimya akala matunda yake. Wala haikuwa mara ya kwanza kwake kuukabili ukosoaji. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper waliishambulia shule ya wanahistoria wa Dar es Salaam, wakisema inaandika historia ya kulihudumia taifa jipya. Mwaka uliofuata Ranger aliwajibu hoja kwa hoja. Julian Cobbing na David Beach, mwishoni mwa miaka ya 1970, walichambua kitabu chake cha vita vya 1896 na kuonyesha kwamba waganga na wajumbe wa mizimu hawakuuongoza mwinuko kwa umoja aliouona yeye. Aliwasikiliza, akawakubalia mengi. Nasema wazi kwamba huo ndio upande wa ufundi wake ninaouheshimu kuliko wote, kwa kuwa kila alichorekebisha alikirekebisha akiwa na jina kubwa.

Mtihani mkubwa ulikuja na marafiki. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, waliokuwa wenzake katika harakati waliingia serikalini. Ranger alirudi, akafanya utafiti wilayani Makoni, akaandika juu ya wakulima na wapiganaji wa msituni; alisaidia kuanzisha jumuiya ya urafiki kati ya Uingereza na Zimbabwe. Wakati huo huo, kuanzia 1983, jeshi la serikali hiyo lilikuwa likiua raia Matabeleland, katika yale yanayojulikana kama Gukurahundi. Mwaka 2000, akiwa na Jocelyn Alexander na JoAnn McGregor, alitoa Violence and Memory, historia ya miaka mia moja ya Nkayi na Lupane, iliyojengwa kwa nyaraka na kwa mahojiano mengi na wanakijiji. Kitabu hakikwepi. Watu wa huko wanasimulia waliyotendewa na walowezi, kisha wanasimulia waliyotendewa na serikali yao wenyewe, na mizani ya ushahidi ni ile ile pande zote mbili.

Mwaka 2004 akaandika makala iliyotenganisha historia ya ukombozi, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wake, na historia ya kizalendo iliyokuwa ikifundishwa na watawala wa Harare, inayowagawa wananchi kuwa mashujaa na wasaliti na kufuta kila aliye katikati. Uzeeni, Uingereza, alitoa ushahidi wa kitaalamu kwa ajili ya Wazimbabwe walioomba hifadhi. Hakuacha siasa. Alikuwa na upande tangu Salisbury na alikufa akiwa nao, ila upande huo ulimchagulia maswali tu. Majibu aliyaacha kwa mashahidi.

Usukuma nako kuna maswali ya kiwango hicho yanayongoja. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Watu waliendesha vipi siasa yao katika miaka hiyo, na ngoma, vyama vya pamba na makanisa vilibeba nini kwa niaba ya chama kisichoruhusiwa? Chama kikuu cha ushirika cha Victoria, kilichoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilikua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mkulima wa Nkoma alipimiwa wapi pamba yake, na nani alisoma mizani? Watemi waliondolewa madarakani mwaka 1963. Siku ile ilipokelewa vipi Ntuzu, Itilima na Kanadi? Watu walihamishwa vipi wakati wa vijiji vya ujamaa, katika miaka ya 1970, na sungusungu ya miaka ya 1980 iliundwa na nani hapa? Mafaili ya Maswa yatajibu nusu. Aliyekuwa kijana mwaka 1958 sasa amepita miaka themanini.

Kwa walimu na wanafunzi wa Nkoma, na kwa wote mliotoka huko mkaenda Mwanza na Dar es Salaam: kiangazi kijacho nendeni kwa wazee na daftari. Andikeni jina la msimulizi na kijiji chake, andikeni Kisukuma chake kama kilivyotoka kinywani kabla ya kukigeuza, ulizeni nani mwingine alikuwapo, kisha mwendeeni na huyo, hata kama ni wa ngoma pinzani, hata kama ni mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Nakala moja iacheni shuleni, na nyingine kwa familia ya aliyesimulia.